Kwa nini x inatosha ubaoni lakini haitoshi kwenye programu? Tujadili majina ya vigeu

MsimboSafi (Tabora)

Wakuu, habari za jioni.

Hapa Tabora nafundisha vijana kuandika programu kwa Python, na kila kundi jipya linakuja na ubishi uleule. Waliotoka kwenye hisabati wanavipa vigeu (yaani majina yanayobeba thamani ndani ya programu) herufi moja moja, `a`, `b`, `n`, `x`, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Waliosoma kompyuta wanawaona wavivu. Wa hisabati nao wanawaona wenzao ni watu wa maneno mengi wasiojua fomula. Nimeuleta huku kwa sababu naamini pande zote mbili hazijui mazoea yao yalitoka wapi, na bila kujua hilo watabishana mpaka kesho.

Tuanze na hisabati. Wengi wanadhani aljebra ilizaliwa na x mkononi. Al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9, aliandika aljebra yake kwa maneno matupu, hata namba aliziandika kwa maneno. Swali lake moja mashuhuri linasema hivi: mraba pamoja na mizizi yake kumi ni sawa na dirhamu thelathini na tisa. Jibu lake, kwa ufupi: chukua nusu ya hiyo mizizi, yaani tano. Izidishe kwa yenyewe, upate ishirini na tano. Jumlisha na thelathini na tisa, ziwe sitini na nne. Tafuta kipeuo chake, ni nane. Toa ile tano, inabaki tatu. Ubaoni leo tunaandika x² + 10x = 39, na x = 3.

Lisomeni tena hilo jibu lake. Hatua moja baada ya nyingine, kila hatua inapokea kilichotoka kwenye hatua iliyotangulia. Ile ni programu, na imeandikwa kwa maneno kamili.

Herufi ziliingia baadaye, na ziliingia kwa sababu ya kurudia. Mwanahisabati Robert Recorde, mwaka 1557, alisema wazi kwamba amechoshwa na kuandika maneno ya "ni sawa na" kila mara, akachora mistari miwili sambamba ambayo sisi tunaiita alama ya usawa. François Viète, 1591, akaweka utaratibu wa majina: irabu kwa visivyojulikana, konsonanti kwa vinavyojulikana. Descartes, 1637, akaubadilisha: a, b, c za mwanzo wa alfabeti kwa vinavyojulikana, x, y, z za mwisho kwa vinavyotafutwa. Huo ni mwongozo wa mtindo, sawa kabisa na ile miongozo ambayo kampuni za programu huwapa wafanyakazi wapya, na bado unatumika kila darasa la sekondari hapa mkoani.

Mtu wa hisabati anauandika upya mlinganyo uleule mara nyingi. Anahamisha upande huu, anagawanya, anafungua mabano, na kila mstari unabeba tena majina yote. Jina la herufi kumi na tano lingemchosha mkono na lingemficha kinachobadilika kati ya mstari na mstari.

Kuna sababu ya pili ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi. Hisabati haiandiki alama ya kuzidisha. `ab` ni a mara b. Ukishakubali hilo, jina la herufi nyingi halina pa kukaa, kwa sababu `bei` itasomeka b mara e mara i. Ndiyo maana hisabati ilipoishiwa herufi haikurefusha majina. Ilikwenda Ugiriki kuchukua α na θ, ikaongeza vinamba vya chini, herufi nzito, kofia juu ya herufi, mstari juu ya herufi. Programu ilichagua njia nyingine: kuzidisha lazima uandike `*`, na kwa gharama hiyo ndogo ukapata ruhusa ya kuandika `bei_kwa_kilo`.

Halafu angalieni nani anasoma. Mlinganyo wa kitabuni una sentensi pembeni yake: "tuseme r ni nusu kipenyo cha duara". Programu haina hiyo sentensi. Kigeu kinaweza kupewa thamani juu kabisa ya faili, kikatumika mistari mia tatu chini, kwenye faili lingine, na mtu ambaye hajawahi kukutana na wewe.

Msimamo wangu ni kwamba urefu wa jina ufuate umbali linakosafiri. Nyumbani "mjomba" inatosha, hakuna atakayeuliza mjomba yupi. Kwenye daftari la hospitali anaandikwa majina yake matatu. `i` ndani ya kitanzi (sehemu ya programu inayorudiwa) cha mistari mitatu ni sahihi. `i` inayosafiri faili zima haifai.

Naomba kuwasilisha. Watu wa hisabati karibuni mnipinge.

---

ChakiNyeupe (Tabora)

Mkuu MsimboSafi, nimekuelewa, na sehemu ya kuzidisha bila alama umeisema vizuri. Mimi ni mwalimu wa hisabati na kuna jambo unalipunja.

Herufi moja haipo kwa ajili ya kuupumzisha mkono tu. Inaonyesha umbo. Tazama, `sqrt` ni kipeuo na `**2` ni mraba:

`x1 = (-b + sqrt(b**2 - 4*a*c)) / (2*a)`

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiuona mstari huo anautambua kabla hajausoma. Sasa mtii yule mwalimu wa programu anayesema kila jina lazima lijieleze:

`jibu_la_kwanza = (-kizidishi_cha_x + sqrt(kizidishi_cha_x**2 - 4*kizidishi_cha_x_mraba*namba_huru)) / (2*kizidishi_cha_x_mraba)`

Fomula imepotea. Ukikosea alama moja ya kutoa humo ndani huioni. Na ukitaka kuulinganisha na kitabu, inabidi kwanza ufanye kazi ya kutafsiri kila jina kurudi kwenye herufi.

Jambo la pili, herufi zetu hazipo kiholela. Mtu akiandika n, najua ni namba kamili. Akiandika i na j, najua anahesabu nafasi. Akiandika ε, najua anazungumzia kitu kidogo mno. Lugha ya programu ya Fortran, iliyotolewa na IBM mwaka 1957, ilichukua desturi hiyo ikaifanya sheria: kigeu kinachoanza na herufi kati ya I na N ni namba kamili, vingine vyote vina desimali. Kwa hiyo lugha ya kwanza ya programu iliyoenea sana ilitembea na mkongojo wa hisabati. Msiusahau huo ukoo.

---

MsimboSafi (Tabora)

Mwalimu ChakiNyeupe, shikamoo, na ahsante. Hoja yako ya umbo naikubali yote, wala sitaipinga hata nusu. Fomula inayojulikana ibaki na herufi zake. Hata wenye miongozo migumu wanafanya hivyo. Mwongozo rasmi wa mtindo wa Python, PEP 8 wa mwaka 2001, unataka vigeu viandikwe kwa herufi ndogo. Lakini maktaba ya scikit-learn, inayotumika sana kwenye kujifunza kwa mashine, inaandika `X` kubwa kwa jedwali la data na `y` ndogo kwa majibu, kwa makusudi, kwa sababu hisabati huandika matriksi kwa herufi kubwa na vekta kwa herufi ndogo. Wamechagua msomaji wao ni nani.

Ninachoomba ni ukuta. Herufi zikae ndani ya funksheni fupi (kipande cha programu chenye jina lake), zisitoke:

```
def tatua(a, b, c):
    # a*x**2 + b*x + c = 0
    d = b**2 - 4*a*c
    return (-b + sqrt(d)) / (2*a), (-b - sqrt(d)) / (2*a)
```

Ile sentensi ya kitabuni imerudi, ipo kwenye mstari wa maelezo. Nje ya hapo, anayeita funksheni hii anatumia majina ya maisha ya kweli.

Ila kwenye Fortran uliishia njiani, mwalimu. Majina yake yalikuwa na kikomo cha herufi sita, na ile sheria ya I hadi N ilikuwa na hatari yake: ukikosea tahajia, jina jipya linazaliwa kimyakimya na aina yake inaamuliwa na herufi ya kwanza. Ndiyo maana toleo la Fortran 90 likaweka rasmi amri ya `implicit none`, na kuanzia hapo wengi wanaiandika juu ya kila programu ili kuizima hiyo desturi. Wakati huohuo ruhusa ya majina ikapanda hadi herufi 31. Desturi iliyomsaidia msomaji binadamu, ilipokabidhiwa mashine kama sheria, ikawa mtego.

Na wapo walioelekea upande wa pili kabisa. Lugha ya COBOL, iliyoanza kuundwa 1959, ilitaka hesabu isomeke kama sentensi: `MULTIPLY BEI BY UZITO GIVING JUMLA`. Ni Al-Khwarizmi amerudi. Mhasibu anaielewa, lakini mpe mlinganyo wa fizikia auandike hivyo na atalia.

---

ChakiNyeupe (Tabora)

Marahaba. Hapo kwenye ukuta tumekutana, sina ubishi.

---

BintiUnyanyembe (Tabora)

Shikamooni walimu wangu. Mimi ni mwanafunzi, nina maswali.

Sisi wengi tunajifunza kwa simu, hatuna kompyuta. Mstari mrefu unakatika mara tatu kwenye kioo, na kuipata alama ya mstari wa chini lazima ubadilishe kibodi. Je, majina marefu hayatuonei?

Pili, majina tuyaandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Tatu, siku ya kwanza nilipoona `x = x + 1` nilijua mwalimu amekosea. Ubaoni hiyo ni uongo, hakuna namba inayolingana na yenyewe kuongeza moja.

---

MsimboSafi (Tabora)

Marahaba binti, maswali mazuri sana.

La simu lina haki. Jina refu siyo lengo, lengo ni jina linalotosha. `jumla` inatosha mahali ambapo kuna jumla moja tu. `jumla_ya_malipo_yote_ya_wakulima_wa_msimu_huu` ni mzigo hata kwenye kompyuta kubwa. Na ukishaliandika jina mara moja, kihariri kizuri (programu ya kuandikia msimbo) hulimalizia chenyewe baada ya herufi mbili au tatu, hata kwenye simu.

La lugha: kama programu ni yako, ya darasani, au ya kikundi chenu cha hapa Tabora, andika Kiswahili bila kuomba radhi. Kiswahili kinafaa sana kwa majina haya. Kigeu cha ndiyo au hapana kinakuwa `imelipwa`, `amesajiliwa`, na neno moja linabeba wakati na hali yake. Funksheni iwe kitenzi: `soma_faili`, `tafuta_mkulima`. Kitu kiwe nomino: `mkulima`, `risiti`. Ukifika kwenye mradi wenye watu wa nchi nyingi, fuata lugha yao. Usichanganye lugha mbili ndani ya jina moja, `get_mkulima_list` inamchosha kila msomaji.

La tatu namwachia mwalimu.

---

ChakiNyeupe (Tabora)

Binti, ulikuwa sahihi siku ile, na usikubali mtu akuambie hukuelewa. Alama ya usawa ubaoni inatoa habari: hivi viwili ni kitu kimoja. Kwenye Python inatoa amri: hesabu kilicho kulia, kisha kipachike kwenye jina la kushoto. Ni mambo mawili tofauti yaliyovaa alama moja. Waliounda lugha ya Algol 60 waliliona hilo wakaandika `:=` kwa kupachika, wakaiacha `=` kwa usawa. Lugha ya Pascal ya Niklaus Wirth ikafuata. Fortran ilikuwa imeshatumia `=` kwa kupachika, lugha ya C ikashika njia hiyo, na lugha nyingi mnazojifunza leo ni watoto wa C, ndiyo maana usawa wa kweli mnauandika `==`.

Kigeu chenyewe nacho kimebadilika tabia. x ya mlinganyo haibadiliki, haijulikani tu. Ukiipata ni 3, ilikuwa 3 tangu mwanzo. Kigeu cha programu ni mahali, na kilichomo leo siyo lazima kiwemo kesho. Hii nayo ni sababu ya jina kuhitaji maelezo zaidi kule, MsimboSafi hakuitaja.

Niseme na hili la kuhesabu kuanzia sifuri, maana wanafunzi wangu wanarudi kutoka kwa MsimboSafi wamevurugwa. Ubaoni vipengele vya orodha vinaanza a₁. Python na C zinaanza 0. Lugha za Fortran, R na Julia zinaanza 1, zikimfuata mtu wa hisabati. Katika C sababu ni umbali: namba ile inasema kipengele kiko hatua ngapi kutoka mwanzo, na cha kwanza kiko hatua sifuri. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra aliandika hoja nyingine mwaka 1982: ukichukua mwanzo na ukaacha mwisho, urefu ni tofauti ya namba mbili tu. Kuanzia 0 hadi kabla ya n kuna vipengele n, huongezi wala hupunguzi moja. Hoja yake naiheshimu. Lakini fomula ya kitabuni yenye Σ (alama ya kujumlisha) kutoka 1 hadi n ikiingia kwenye Python, andika pembeni kwamba umehamisha hesabu kwa moja.

---

Mawese20 (Kigoma)

Wakuu, nawafuatilia kutoka Kigoma, na kwangu mada hii ni ya mfukoni.

Kuna mfanyabiashara wa mawese hapa Ujiji niliyeombwa kumrekebishia programu. Nilichokikuta: `m = 20 * n`, kisha chini kabisa `t = m * p`. Hakuna maelezo hata mstari mmoja. m ni nini? Mawese hapa yananunuliwa kwa dumu la lita 20, lakini mzigo wa kusafirisha mbali hutozwa kwa kilo. Mafuta ni mepesi kuliko maji, lita moja ni takribani kilo 0.9, hivyo dumu la lita 20 ni kama kilo 18 za mafuta. Aliyeandika alisoma m kama lita. Aliyekuja kuongeza sehemu ya usafiri akaisoma kama kilo, maana kwenye fizikia m ni masi. Kila dumu linahesabiwa kilo mbili zaidi. Dumu mia moja ni kilo mia mbili hewa, na zinalipiwa.

---

MsimboSafi (Tabora)

Mkuu Mawese20, huo mfano ungefaa uwe ndio mwanzo wa uzi.

Kosa la ukoo huohuo liliipoteza Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA, Septemba 1999. Programu moja ilitoa msukumo kwa vipimo vya Kiingereza vya pauni na sekunde, nyingine ikaupokea ikidhani ni nyutoni na sekunde. Tofauti ni mara 4.45 hivi. Chombo kikaikaribia Mirihi kwa njia ya chini kupita kiasi, kikapotea. Namba zenyewe zilikuwa sahihi, ila hazikubeba kipimo chake.

Hapa hisabati inajikinga kwa namna ambayo programu haiwezi. Kwenye fizikia unaandika m = 18 kg, kipimo kimekaa ubavuni. Ukiingiza kwenye kompyuta, kg inabaki mlangoni, inaingia 18 tupu. Kwa hiyo jina ndilo mahali pa kwanza pa kukihifadhi kipimo: `uzito_kg`, `ujazo_lita`, `umbali_km`. Kwenye hili sina huruma hata ndani ya funksheni ya mistari miwili, kama data imetoka nje.

Na herufi zenyewe zinagombaniwa. i kwa mtu wa hisabati ni kipeuo cha −1. Kwa fundi umeme i ni mkondo, akaamua kutumia j, na Python ikamfuata fundi umeme: namba changamano inaandikwa `2 + 3j`. λ, inayosomwa lambda, ni urefu wa wimbi, lakini `lambda` ni neno la Python lenyewe, kwa hiyo watu wanaandika `lam` au `lambda_`. Julia inakuruhusu kuandika λ yenyewe. PEP 8 inakataza kabisa l ndogo, O na I kubwa kuwa majina peke yake, kwa sababu kwenye baadhi ya maandishi ya kioo hazitofautiani na 1 na 0.

---

ChakiNyeupe (Tabora)

Hapo niongeze dhidi ya upande wangu mwenyewe, kwa haki. sin²x ni sin x iliyozidishwa kwa yenyewe. sin⁻¹x siyo moja chini ya sin x, ni kinyume cha sin. Uandishi uleule, maana mbili. Na f(x + 1) ni funksheni, a(x + 1) ni kuzidisha. Mwanafunzi anaokolewa na mazoea na mwalimu aliye mbele yake. Kompyuta haina mazoea, ndiyo maana inadai `*` na mabano yote. Kila mwaka naona wanafunzi wanaoanza kuandika programu wakirudi darasani na mabano safi zaidi.

---

BintiUnyanyembe (Tabora)

Ahsanteni walimu. Mawese20 kaka yangu, uliirekebishaje?

---

Mawese20 (Kigoma)

Dada, baada ya kuusoma uzi nimeiandika upya hivi:

```
def kilo_za_mawese(madumu, lita_kwa_dumu, kilo_kwa_lita):
    return madumu * lita_kwa_dumu * kilo_kwa_lita

mzigo_kg = kilo_za_mawese(40, 20, 0.9)   # 720
```

---

ChakiNyeupe (Tabora)

Mkuu Mawese20, umeona ulichofanya? Soma majina yako matatu kama sehemu: dumu, mara lita juu ya dumu, mara kilo juu ya lita. Dumu inakatwa na dumu, lita inakatwa na lita, inabaki kilo, na jina la funksheni linasema kilo. Nimeihakiki fomula yako bila kugusa namba hata moja. Kwa m, n na p nisingeweza.

---

MsimboSafi (Tabora)

Nyongeza moja tu, mkuu: hiyo 0.9 ipe jina lake juu ya faili, `KILO_KWA_LITA_MAWESE`, kwa herufi kubwa kama PEP 8 inavyotaka kwa namba isiyobadilika. Siku mtu akitaka kuleta asali ya Tabora kwenye programu hiyohiyo, lita moja ni takribani kilo 1.4, na atajua mara moja wapi pa kuongeza mstari wake.